Mlango wa Kasa

Dada yangu mkubwa, shikamoo.

Anayekuandikia leo si yule mdogo wako uliyekuwa ukimfuta kamasi. Ni mtu ambaye, bila yeye, serikali ingenyang'anywa bahari yake mchana kweupe, na hakimu mwenyewe ameniita mbele ya watu mara nne, nimehesabu. Usicheke kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho utacheka upendavyo.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa nilikwambia uipashe kidogo kabla ya kupaka, sijui kama ulinisikia au ulifanya kama kawaida yako. Nisalimie Shemeji, na umwambie redio yake bado ninayo, haijaharibika sana. Na yule mwanao wa mwisho, nimekiona kikaratasi alichokichomeka kwenye bahasha yako. Anasema siku ya wazazi niende shuleni kwao nikalionyeshe darasa kovu la papa, kwa sababu amewaambia wenzake kwamba Mjomba Papa aling'atwa mkono na papa, naye akamng'ata papa pua, na kuna mwenzake mmoja hataki kuamini. Nimekisoma mara nyingi. Nitakijibu humu humu, lakini si sasa.

Mimi mwili ni mzima. Kichwani ndiko kuna zogo, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kila neno la tatu, na jambo hili nikikatizwa sitalimaliza. Tena nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Unajua kwamba tangu niachane na kazi ya nyavu niko idara ya uvuvi. Nilikwambia mimi ni mshauri. Kwa kirefu ni mtunza stoo ya vielelezo. Kielelezo, dada, ni kitu chochote walichokamatwa nacho wakorofi wa baharini: nyavu za macho madogo, mapezi ya papa yaliyokaushwa, baruti za kulipulia samaki, maganda ya kasa. Vyote vinaletwa kwangu, vinafungwa lebo yenye namba, vinakaa mpaka siku ya kesi. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kiunoni kwangu. Mkuu wa idara hakuwa nao. Waziri hakuwa nao. Ndiyo maana nilisema mshauri.

Sasa kuna mwanamke mmoja, wakili wa serikali, ndiye anayebeba kesi zetu zote za baharini. Ni mfupi, mkoba wake mkubwa kuliko yeye, na hawezi hata kukuuliza habari za asubuhi bila kutaja kifungu cha sheria. Tunamwita Bi Kifungu. Anajua, lakini ukimwita hivyo haitiki. Siku ya kwanza aliyokuja stoo alinisomesha jambo moja tu, akanirudishia mara tatu kama mtoto wa chekechea: kielelezo kinatoka kama kilivyoingia. Nikamwambia mwanangu, hilo nimelijua kabla hujazaliwa. Likumbuke hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Huyu mama alinichanganya tangu mwanzo. Mimi nilidhani wakili ni mtu unayemkodi akuseme vizuri. Huyu sikujua anamsema nani. Jumatatu yuko mahakamani anamshitaki mwenye meli. Jumatano yuko mahakama nyingine anaitetea idara, wavuvi wadogo wameishitaki kwa kufunga msimu wa pweza. Ijumaa yuko ofisini kwa mkuu wetu, anamwambia leseni hii umeitoa bila kufuata kanuni, ifute, na mkuu anatoka jasho. Nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema upande wa serikali. Nikamwambia mbona mkuu ndiye serikali na umemtoa jasho. Akasema mkuu ni mfanyakazi wa serikali, kama mimi, kama yeye. Nikamuuliza basi hiyo serikali yenyewe inakaa wapi, niende nikaisalimie. Akacheka, akashika mkoba wake akaondoka. Mpaka leo nasubiri jibu.

Tuje kwenye kesi. Kuna meli inayokokota wavu kuvua kamba, wale wa kula, si wa kufungia mbuzi. Sheria inasema wavu wa namna hiyo lazima uwe na mlango wa kasa. Yaani ndani ya wavu kunawekwa vyuma kama vya dirisha, vimelala mshazari. Kamba wanapenya katikati ya vyuma, wanakwenda zao nyuma. Kasa ni mkubwa, hapenyi, anateleza juu ya vyuma na kutokea kwenye tundu lililoachwa makusudi. Bila tundu lile anabanwa humo, na kasa, dada, anavuta hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo anakufa maji akiwa baharini kwake. Manahodha wengine hawalipendi tundu kwa sababu kamba nao wanatorokea humo. Wanalishona.

Maofisa wetu wa doria waliikamata meli hii na mlango umeshonwa. Kiongozi wao tunamwita Kaptula, kwa sababu hajawahi kuonekana na suruali ndefu, hata msibani. Ndani ya wavu walikuta kasa kumi na mmoja, tisa wamekufa, wawili wana uhai. Kaptula akachukua kisu akaukata ule mshono katikati, akawatoa wale wawili wakaenda zao. Miisho miwili ya mshono akaiacha kama ilivyo, iwe ushahidi. Akapiga na picha. Lakini siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na picha zile nimeziona mwenyewe: zinaonyesha ukungu na kidole gumba cha Kaptula. Kwa hiyo ushahidi uliobaki ni wavu wenyewe. Ukaletwa kwangu. Nikauning'iniza kwenye boriti mbele ya meza yangu, ukakaa miezi minane, maana kesi ilikuwa inaahirishwa tu, leo hakimu anaumwa, kesho mkalimani wa nahodha hajafika.

Siku ya kesi nilivaa lile koti ulilonipa, nikaubeba wavu mimi mwenyewe na walinzi wawili. Tukautandaza sakafuni mbele ya hakimu. Kaptula akasimama, siku hiyo kavaa suruali, nusura nisimtambue, akaeleza yote. Akasema aliukata mshono katikati akawatoa kasa. Wakili wa meli, mzee mmoja mpole mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akamwomba aonyeshe alipokata.

Kaptula akainama. Akautafuta. Akaugeuza wavu akatafuta tena.

Hapakuwa na palipokatwa, dada. Mshono ulikuwa mzima toka mwanzo hadi mwisho, tena umenyooka vizuri sana. Wakili wa meli akamwambia hakimu, kwa upole ule ule, kwamba uzi wa katikati unaonekana mpya, na kwamba yeye anaona mambo ni mawili tu: ama ofisa huyu anadanganya kwamba alikata, ama watu wa serikali wameushona mlango huu wenyewe ndani ya stoo yao ili wamfunge mteja wake. Kaptula akaushika tena ule wavu akaupekua. Jasho lilipita mpaka kwenye tai. Hakimu akamtazama, akamwambia ajue kwamba ushahidi wa uongo nao una kifungo chake, akaahirisha kwa siku nne.

Huyu Kaptula, dada, ndiye ananiletea chai kila asubuhi bila kuombwa. Ana watoto wanne na mama mgonjwa. Aliporudi ofisini alikaa kwenye ngazi za stoo, akawa anajiuliza mwenyewe kwa sauti kama alikata au aliota. Alinitazama akaniuliza, mzee wangu, hivi mimi nilikata au sikukata? Nikamwambia kunywa maji.

Alasiri hiyo Bi Kifungu akaja stoo. Hakugomba. Aliuliza nani mwingine ana ufunguo. Nikasema hakuna. Akauliza nani ameingia. Akafungua daftari, kila ukurasa ni sahihi yangu tu. Nikamwambia stoo hii ina panya wakubwa sana. Akasema panya wanaotafuna nyavu amewasikia, wanaoshona bado. Mkuu wetu, aliyekuwa amefuatana naye, akatia neno, kwamba si lazima tujisumbue, tuseme uzi ni wa meli na Kaptula alichanganya wavu huu na mwingine, kesi iendelee. Bi Kifungu akamjibu kwamba hatasema mahakamani jambo asilolijua kuwa kweli. Akaongeza kwamba jioni ile ile atamwandikia wakili wa meli kumweleza kuwa wavu ulikaa miezi minane ndani ya stoo yenye ufunguo mmoja.

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Nikamfuata mpaka kwenye gari. Nikamwambia mama, golikipa gani anamwambia mpigaji penalti kwamba ataruka kushoto? Akasema yeye si golikipa. Nikamwambia basi utashindwa, na kasa tisa watakuwa wamekufa bure. Akasema inawezekana. Nikauliza, kwani wewe ni wakili wa kasa au wa nahodha? Akaegemea mlango wa gari, nikaona kumbe naye amechoka, akasema kwamba kasa hawezi kuja ofisini kumlalamikia wakili wake, kwa hiyo yeye wakili ndiye inabidi ajilalamikie. Sikuelewa. Naona kama sasa nimeanza kuelewa, kisha likaniponyoka tena.

Dada, wavu ule niliushona mimi.

Sasa nimelisema. Nitakueleza ilivyokuwa, na wewe ndiye utaelewa kwa sababu unanijua. Miezi minane nimekaa mbele ya tundu lile. Nikila, liko mbele yangu. Nikiandika daftari, linanitazama, kama pengo la jino kwa mtu anayecheka. Mimi tangu nina miaka kumi na saba mkono wangu haujawahi kuacha wavu uliochanika. Mama alitufundisha usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku moja baada ya chakula cha mchana, mvua inapiga bati, hakuna mtu, nikajikuta sindano ya nyavu iko mkononi. Unajua natembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na kitana. Uzi wa kijani ulikuwepo rafuni. Sikufikiria nahodha, wala kasa, wala kifungu. Niliona tundu tu. Kwa muda wa kunywa chai mbili likawa limeisha, nikavuta wavu kupima, nikasema huo sasa ni wavu. Nikalala usingizi mzuri usiku ule. Nikaziba ufa, na ukuta ukaniangukia vile vile.

Siku mbili nilikaa nalo peke yangu. Nilijiambia wakijua watanifunga. Nikajiambia Kaptula ni kijana, atapata kazi nyingine. Halafu asubuhi ya tatu akaniletea chai kama kawaida, imejaa sukari kama ninavyoipenda. Sikuinywa. Nikaenda ofisini kwa Bi Kifungu.

Ofisi yenyewe ni chumba chembamba, mafaili yamepangwa sakafuni mpaka dirishani, unapita kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kiti cha mgeni kimefungwa waya mguu mmoja. Nikakaa, nikamwambia. Nilitegemea atapiga meza. Badala yake aliweka kalamu chini, akaniambia nisiseme zaidi kwanza, kwa sababu kuharibu kielelezo ni kosa, na nina haki ya kutafuta wakili wangu kabla sijaandika maelezo. Dada, hebu fikiria. Wakili ananiambia nitafute wakili. Nikadhani ananifukuza. Nikamwambia wakili wangu tangu utotoni ni dada yangu, naye yuko mbali na goti linamsumbua, kwa hiyo andika tu.

Akaandika. Nikapewa kalamu niweke sahihi. Nikaweka. Akanitazama mkono, akauliza kama na wavu nashona kwa mkono huo huo.

Unakumbuka Mama alivyonichapa kiganja cha kushoto ili niache kukitumia. Kula niliacha. Kushona na kuandika sikuacha. Sasa fundo la mtu wa mkono wa kulia linalalia upande mmoja, na langu linalalia upande wa pili, kama mke na mume waliogombana. Bi Kifungu alipolisikia hilo aliruka yale mafaili yote kama mbuzi, tukaenda stoo, na safari hii akamwita na wakili wa meli aje aone, sote kwa pamoja. Tukayahesabu. Mwisho wa huku mafundo kumi na mawili yamelalia kulia. Mwisho wa kule tisa, kulia. Katikati mafundo yangu thelathini, yote kushoto. Kwa hiyo alipokata Kaptula palionekana wazi kama mpaka wa shamba, na mshono wa meli ulikuwa bado upo pande zote mbili.

Ila mtu wa kusema hayo mbele ya hakimu alikuwa ni mimi.

Niliinua mkono kuapa, karani akaniambia si huo. Bi Kifungu aliniuliza nikaeleza yote, kuanzia mvua mpaka sindano. Kisha akasimama wakili wa meli. Kwa upole wake ule akaniita mzee, akaniuliza mimi ni nani hata hakimu anisikilize habari za mafundo. Akasema amesikia pale idarani kwamba mimi ni mtu wa bahari kuu, nimepigana na mawimbi na samaki wakubwa. Nikamwona Kaptula kwenye benchi anatikisa kichwa kukubali, maana hadithi zote amezisikia, anazijua kwa mpangilio. Wakili akaniuliza nimevua miaka mingapi.

Nilikuwa nimekwisha apa, dada. Na nikaona, nikisema uongo mmoja hapa, na mafundo nayo yatakuwa uongo.

Nikasema sijavua. Akauliza nimefanya kazi kwenye chombo miaka mingapi. Nikasema hata mmoja. Akauliza basi nyavu nimezijulia wapi. Nikasema kwenye kibaraza cha mwenye nyavu, nimekaa juu ya gunia, miaka ishirini na miwili. Nyavu zililetwa zimechanika zikaondoka zimepona, na bahari nimeitazama kwa mbali, tena ikichafuka nageuza uso, kwa sababu hata nikisimama gatini tu kichefuchefu kinanipanda. Watu walicheka mpaka askari akapiga kelele wanyamaze. Kaptula hakucheka. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyeambiwa babu yake si babu yake.

Bi Kifungu akainuka, akaomba nipewe kipande cha wavu nishone hapo hapo. Nikashona mafundo matano. Hakimu akateremka kwenye kiti chake, akavua miwani, akaivaa, akayatazama yangu, akayatazama ya kwenye wavu. Na nahodha, yule yule mshitakiwa, alikuwa akiitazama mikono yangu, akatikisa kichwa kidogo, kama fundi anavyomkubali fundi. Sikujua nimchukie au nimshukuru. Mpaka sasa sijui.

Hukumu imetoka juzi. Hakimu amesema mafundo yangu thelathini hayahesabiki, ni kama hayapo. Yaliyohesabika ni yale ishirini na moja, na hayo yametosha. Nahodha amekutwa na hatia, leseni ya meli imezuiwa, adhabu itasomwa mwisho wa mwezi. Kaptula hana kosa. Kisha, usiniulize kwa nini, Bi Kifungu na wakili wa meli wakapeana mikono wakaenda kunywa soda pamoja.

Mimi nimepewa barua. Aya ya kwanza ni onyo kali la mwisho. Aya ya pili ni shukrani kwa kusema kweli. Karatasi ni moja, sahihi ni moja. Nimeisoma kuanzia juu, nikaisoma kuanzia chini, sijui niitundike ukutani au niifiche chini ya godoro. Stoo sasa ina makufuli mawili, moja langu, moja la Kaptula, hakuna anayeingia bila mwenzake. Chai bado ananiletea. Siku ya tatu baada ya ushahidi wangu akaniuliza, na yule nyangumi wa hadithi zako naye? Nikasema na yule nyangumi. Akakoroga chai yake muda mrefu, akasema yule alikuwa anampenda.

Basi nisikuchoshe. Wape watoto salamu, kila mmoja kwa jina lake, na Shemeji mwambie redio nitaileta mwenyewe. Goti lisitembezwe sana kwenye baridi.

Na mwanao wa mwisho mwambie mjomba atakuja siku ya wazazi. Nitakuja na sindano na kipande cha wavu, nitawafundisha darasa zima kushona mlango na kuufungua. Kuhusu kovu, dada, mwambie wewe taratibu, mimi mbele yake nitashindwa. Hakimu hakuniuliza, nalisema kwa hiari yangu. Papa nimemwona kwenye lebo tu. Lile kovu ni mfuniko wa kopo la samaki, wa sosi ya nyanya. Nilikuwa naufungua kwa mkono wa kulia.

Ni mimi mdogo wako,
Mtunza Stoo (kufuli la kushoto)